PM kesho saa 4

Nauza viatu vya mtumba. Meza yangu iko jirani na Soko la Chifu Kingalu hapa Morogoro, na nina ukurasa Instagram ambako wanaouliza bei ni wengi kuliko wanaonunua. Kwa hiyo herufi P na M naziandika mara nyingi kwa siku kuliko jina langu mwenyewe. Raba kali namba 42, soli haijaliwa, bei PM. Moka ya ngozi namba 44, bei PM. Kuna dada aliwahi kunijibu kwa hasira, "Kwani unauza bangi mpaka bei iwe siri?" Si bangi, dada yangu. Nikianika bei, jamaa wa meza ya pili anaweka yake pungufu kwa elfu mbili kabla sijamaliza chai. Na mteja akishaingia PM tunasalimiana, namuuliza kama mguu wake ni mpana au mwembamba, ananitumia picha ya kiatu kilichomchosha, tunacheka. Hapo tena kuondoka mikono mitupu anaona aibu. Ndiyo biashara, mnisamehe.

Basi PM yangu mimi ni private message, ujumbe wa faragha: pale pembeni, mlango umerudishwa, tumebaki wawili. Tuliokulia kwenye majukwaa ya zamani ya mtandaoni tulikuwa tunaambiana "njoo PM" na "nimeku-PM, cheki" miaka mingi kabla Instagram haijatuletea DM yake, na wengine hatukuona sababu ya kubadilika. Mtu akiniandikia PM, kichwa changu hakijiulizi mara mbili: ana neno lake, hataki wengine walisikie.

Naanzia huko ili mnielewe nitakapowaeleza nilivyoisoma meseji ya shemeji.

Mwaka juzi, Jumatatu jioni, baba yangu mdogo aligongwa na gari kwenye barabara ya Dodoma, mbele kidogo ya Kihonda, akiwa kwenye baiskeli. Hakufika hospitali akiwa hai. Sisi ni Waislamu. Maiti wetu hatupendi alale. Lakini kwa kuwa ni ajali, polisi wakasema mwili lazima ufanyiwe uchunguzi kwanza, ndipo tupewe ruhusa ya kuzika. Shemeji yangu, mume wa dada, anafanya kazi maabara katika hospitali hiyo, kwa hiyo mambo yote ya huko tukamwachia yeye. Sisi tukabaki Kihonda kufunga turubai na kutafuta majamvi.

Saa tano usiku, grupu la ukoo likalia. Shemeji ameandika:

PM kesho saa 4.

Basi. Hakuna salamu, hakuna maelezo. Baadaye alinieleza kwamba chaji ilikuwa imebaki asilimia mbili, amesimama korido na askari anayemdai jina la kijiji alikozaliwa marehemu, akaandika kile ambacho kwake ni sentensi kamili. Kisha simu ikazima.

Chini yake zikaanza kumiminika. Sawa. Sawa shem. Sawa, in shaa Allah. Sawa, Mungu atutie nguvu. Nilizihesabu siku nyingine kwa utulivu: sawa kumi na moja, pamoja na yangu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nani ataanza kuuliza maswali msibani saa tano usiku na kila mtu amejibu sawa? Utaonekana wewe ndiye uliyekuja mjini juzi.

Mimi niliisoma hivi: kesho saa nne shemeji atanitafuta pembeni. Na nilijua kwa nini. Dakika chache kabla, mmoja wa vijana alikuwa ameuliza palepale kwenye grupu nani katoa na nani hajatoa, jambo la aibu kabisa kwa wakati ule, na shemeji si mtu wa kujadili michango mbele ya mashangazi. Nikasema moyoni, shemeji mstaarabu, kaona mambo ya fedha tuyamalize sisi kwa sisi. Nikalala juu ya jamvi na simu kifuani.

Asubuhi, saa nne kasoro dakika tano, niliondoka kwenye turubai nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na matanki ya maji, nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamwandikia: "Shem nipo." Tiki moja. Nikangoja. "Shem, mimi niko tayari, sema tu tunapungukiwa na ngapi." Tiki moja. Kuku wa jirani ananizunguka. Nikapiga hesabu ya fedha niliyonayo, ya kukopa, ya belo la viatu ambalo lingebidi lisubiri mwezi mwingine. Saa nne na nusu bado tiki moja. Nilianza hata kumlaumu: mtu anakupa miadi, halafu anazima simu?

Saa nne na dakika arobaini ikaingia namba ngeni. Ni shemeji, kaazima simu ya mwenzake.

"Mko wapi nyie? Daktari yuko hapa, askari yuko hapa, wanataka ndugu wawili wa kumtambua marehemu, nimewaambia saa nne!"

Nikamwambia, "Umeniambia utani-PM."

Akanyamaza. Nikasikia pumzi tu. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya mti, "PM. Uchunguzi wa maiti. Njoo na mzee mmoja. Njoo sasa hivi."

Mzee wa kwenda naye alikuwa mmoja tu, baba mkubwa, kaka wa marehemu, naye anaishi Dakawa. Nikampigia nikijua ataniambia bado hajapanda gari. Akapokea huku kelele za wapiga debe zimejaa simu. Yuko Msamvu, stendi. Yuko Msamvu tangu saa moja asubuhi! Nikamuuliza anafanya nini Msamvu saa zote hizo ilhali msiba uko Kihonda, na basi lake limepita Kihonda likija. Akajibu, "Nasubiri PM apite."

Hapa inabidi niwape habari za Dakawa, vinginevyo mtamwona mzee wangu hana akili timamu, na ana akili kuliko sisi sote. Kwa mtu wa Dakawa mwenye umri wake, PM ni Waziri Mkuu, na barabara ile ya Dodoma si barabara ya kawaida. Tarehe 12 Aprili 1984 Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa akitoka Dodoma bungeni akirudi Dar es Salaam kwa gari, akafa kwa ajali palepale Dakawa. Mwalimu Nyerere alitangaza mwenyewe redioni. Chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa hapa Morogoro mwaka huohuo kikapewa jina lake. Ndiyo hiyo SUA ambayo watoto wetu wanaitamka kama jina la msichana, wala hawajui kwamba S ni ya mtu. Baba mkubwa alikuwa kijana. Tangu wakati huo, kila akisikia msafara wa Waziri Mkuu unapita, anasimama kando ya barabara mpaka gari la mwisho litoweke. Na tangu serikali ihamie Dodoma kwa wingi, misafara haikauki: askari wanajipanga, mabasi yanawekwa pembeni, unakaa unatazama nyasi.

Kwa hiyo alipoletewa simu na mjukuu wake usiku, akasomewa "PM kesho saa 4", alielewa kabisa. Waziri Mkuu anapita saa nne, barabara itafungwa, wahini. Aliniambia baadaye, "Nilisema huyu mkwe ana akili. Hata kwenye msiba anatufikiria usafiri." Akapanda gari la kwanza alfajiri. Basi likampitisha Kihonda asubuhi na mapema, likamshusha Msamvu; akaona kurudi nyuma anaweza kukutana na kizuizi, bora anywe chai, msafara ukishapita ndipo avuke aende msibani. Chai ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anatazama barabara. Hapiti mtu.

Nilimpitia na bodaboda, tukapakizana mishikaki, mimi nyuma. Tukafika getini. Shemeji ametoka nje kutusubiri, koti jeupe, macho mekundu. Baba mkubwa akashuka, akanyoosha kanzu, akampa mkono, akamuuliza kwa heshima zote:

"PM keshapita?"

Shemeji akasema, "Bado, mzee. Daktari anawasubiri nyie."

Baba mkubwa akanigeukia. "Daktari anahusikaje na Waziri Mkuu?"

Namkumbuka shemeji wakati ule. Alitazama ukuta. Akaweka kiganja juu ya rangi ya ukuta, ile ya kijani ya hospitali, mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani hata yeye hajui.

Ndani ya mochwari sitawaeleza mengi. Daktari anauliza jina la marehemu na mlivyohusiana, askari anaandika. Baba mkubwa akasema, "Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja," na askari akaandika "kaka". Mimi macho yalikuwa yamekimbilia kwenye meza ya pembeni, kwenye mfuko wa rambo mweusi. Ndani yake kulikuwa na raba moja ya kijivu. Namba 43. Nilijua ni 43 bila kuigeuza, kwa sababu mimi ndiye niliyeishona kisigino kwa uzi wa bluu, uzi wa kijivu ulikuwa umeniishia.

Baba mdogo alikuwa na uandishi wake. Alijifunza kutuma meseji kwenye simu ya vitufe, enzi za vocha za kukwangua, meseji moja herufi 160 na ukizidisha inakatwa ya pili. Wote tuliandika vile wakati ule. Kiswahili kwa kuazima majina ya herufi na tarakimu za Kiingereza: 2 inasomwa tu, kwa hiyo watu ni wa2, mtu ni m2, vitu ni v2, tuko ni 2ko. C inasomwa si, ndiyo hiyo cjui na ctaki. Na X ikakaa mahali pa S kwa mbwembwe tu, xaxa, xana, maana haiokoi hata herufi moja. Sisi wengine tulipohamia WhatsApp, ambako ukiandika kurasa tano hakuna anayekukata chochote, tukaanza kurudisha irabu zetu taratibu. Yeye hapana. Aliendelea kubana kama mtu aliyezoea njaa. Meseji yake ya mwisho kwangu ninayo, ya Ijumaa: "ile raba 43 uciuze n yngu, njoo nayo J2." J2, Jumapili. Nilimpelekea Jumapili, akaivaa palepale, akatembea mpaka getini na kurudi, akasema iko vizuri ila kisigino kinamfinya. Jumatatu akaenda nayo barabarani.

Na mimi, muuza viatu ninayejidai kujua lugha ya simu, meseji ya baba mdogo iliyokatwa irabu nusu niliielewa neno kwa neno, tena siku na namba ya kiatu. Ya shemeji yenye Kiswahili fasaha na herufi mbili tu za kifupisho ilinikalisha juu ya ndoo dakika arobaini na tano. Nimelifikiria sana hili. Baba mdogo alikuwa akinibania maneno mimi, akijua mimi ninayo kichwani. Shemeji alikuwa bado yuko kazini. Alikuwa akiwaandikia watu wa kule korido.

Kule korido, bwana, wana nchi yao. Yeye na dada yangu, ambaye ni muuguzi Kilosa, wakiongea mezani unaweza kudhani wanasomeana namba za magari. Siku moja nilibandika tangazo "njoo DM" ili niende na wakati, dada akacheka mpaka akapaliwa: kwao DM ni kisukari. "Unawaalika watu waje kwenye kisukari?" Binti yao anaandika BD akimaanisha sikukuu ya kuzaliwa, mama yake akiandika BD ni dawa ya asubuhi na jioni, mara mbili kwa siku. Na dada huyo ndiye mmoja wa wale kumi na moja waliojibu sawa. Alikuwa zamu ya usiku, akaisoma ipasavyo, akaamini tumeisoma kama yeye.

Kwenye fomu aliyoshika askari, juu kabisa, kuna mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: BID. Nikashangaa. Nilikuwa nimezoea kuziona herufi hizo kwenye vyeti vya dawa vya mama. Nikimpelekea kwenye duka la dawa wananiambia ni kutwa mara mbili. Nikamnong'oneza shemeji, kwani wanampa dawa gani? Akanivuta pembeni. Akasema hiyo ni nyingine. Hiyo ni ya aliyeletwa akiwa ameshafariki.

Tulimaliza, tukapewa karatasi, mwili ukaoshwa, tukauchukua nyumbani. Sala ikapangwa baada ya alasiri, maana adhuhuri ilishatupita, na sehemu ya kosa hilo ni yangu.

Sasa yupo wa nne, na huyu ndiye anayenifanya nisikasirike sana. Binamu yangu, binti wa kwanza wa marehemu, anafanya kazi za ndani Muscat. Usiku ule naye alijibu sawa. Yeye aliona PM, akaona 4, akaviunganisha: saa kumi jioni. Kule Oman saa wanaisema kama ilivyoandikwa kwenye simu, na miaka mitatu ilishamgeuza. Akadhani ndiyo saa ya mazishi. Akamwomba mama wa nyumba nusu saa, akajifungia chumbani, akapiga simu ya video saa kumi kamili za kwao. Wenzetu wako mbele yetu kwa saa moja; huku ilikuwa saa tisa alasiri. Simu ikaingia wakati jeneza linatolewa ndani. Kijana mmoja akaipokea, akainyanyua juu, na binamu akamwona baba yake akibebwa mabegani kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Angeelewa vizuri kama dada yangu, angepiga saa nne asubuhi, angekuta simu ya kaka yake iko chaji na watu wanagombania sufuria.

Kwa nini saa inatuchanganya hivi nimewahi kuieleza kwa mteja mmoja Mzungu aliyekuwa SUA, alikuja mezani kwangu saa mbili usiku akidhani ndiyo saa nane. Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu mapambazuko, na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, jua halitusumbui sana kwa mwaka mzima. Mshale ukigusa 10 tunasema saa nne. Ukigusa 4 tunasema saa kumi. Mtoto anafundishwa kuisoma saa kwa kutazama upande wa pili. AM na PM ni Kilatini, kabla na baada ya jua kufika utosini, na zinakwenda na hesabu inayoanzia usiku wa manane. Ukizipachika kwenye saa ya Kiswahili unapata mnyama mwenye kichwa cha mbuzi na mkia wa samaki. "Saa 4 PM" ni saa ngapi? Kumi za jioni, au nne za usiku? Tuna alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku; neno moja linamaliza ubishi. Ndiyo maana tiketi ya basi ikiandikwa 12:00, mwenye akili anamuuliza mkatisha tiketi, za asubuhi au za jioni? Na asiyeuliza analala stendi.

Kilatini chenyewe, nilipokuja kukifuatilia, kilinikera kidogo. PM ya saa na PM ya mochwari zinaanza na neno lilelile, post, baada. Baada ya adhuhuri, baada ya kifo. Za Waziri Mkuu na za biashara yangu hazina undugu wowote na hizo wala zenyewe kwa zenyewe, zimegongana tu njiani.

Kicheko chenyewe kilikuja siku ya arobaini. Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu. Baada ya kisomo, pilau limeliwa, wazee wameegemea, baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyeanza: "Jamani, mnajua nilimsubiri Waziri Mkuu Msamvu?" Akasimulia chai zake tatu. Watu wakacheka mpaka shangazi akaomba wamwache apumue. Kila mtu akatoa ya kwake. Mjomba akakumbuka alivyoambiwa kazini kwake "RC anakuja kesho", akafagia ofisi nzima kwa ajili ya mkuu wa mkoa, akaja jamaa wa kwaya ya Kanisa Katoliki na kadi za harambee. Kijana wa darasa la sita akauliza kwa nini kwenye karatasi za Bunge majina yanaandikwa Mb. mwishoni, wanapewa na serikali MB ngapi? Shemeji alikuwa amekaa mlangoni na sahani yake, kimya, anatabasamu chini chini. Alikuwa ameshaomba radhi mara nyingi kiasi kwamba ikabidi baba mkubwa amkataze.

Mpwa wangu anayesoma chuo akamtoa aibu. Akasema hata PM wa Uingereza yalimpata. Mwaka 2012, katika baraza la uchunguzi lililokuwa likichunguza magazeti ya kule, Rebekah Brooks, aliyekuwa bosi wa magazeti, alieleza kwamba David Cameron alikuwa akimtumia meseji na kumalizia na LOL akidhani maana yake ni upendo tele, mpaka alipomwambia kwamba maana yake ni kicheko. Baba mkubwa aliomba atafsiriwe mara mbili. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa akimpa mtu pole, anamalizia kwa kumcheka?" Mpwa akasema huenda. Baba mkubwa akafikiri. "Na huyo ni PM kabisa?" PM kabisa, mzee. Akaegemea mto wake akiwa ameridhika sana.

(Majirani zetu Wakenya wao walipumzika. Walikuwa na PM wao, Raila Odinga, kuanzia 2008 hadi 2013, cheo kikaondoka, herufi zikabaki za saa na simu.)

Mimi sijaacha kuandika bei PM. Nilijaribu wiki moja kuandika "bei njoo tuzungumze pembeni", wateja wakadhani ukurasa umevamiwa na matapeli. Shemeji ndiye aliyebadilika: siku hizi akiandika kwenye grupu la ukoo anaandika kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Mgonjwa amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, muda wa kumwona ni saa kumi jioni, yaani saa kumi ya Kiswahili, jua likiwa bado lipo." Tunamcheka, lakini hakuna anayepotea.

Na baba mkubwa amenunua simu yake mwenyewe ya kupangusa. Hasomi vizuri maandishi madogo, ila PM akiiona anaijua kama anavyojua nyoka. Wiki iliyopita mpwa huyohuyo wa chuo alituma kadi ya harusi yake kwenye grupu: maua, dhahabu, picha yake na mchumba wakitazama upande mmoja, na chini kwa herufi za kujikunja, Jumamosi, saa 8 PM.

Haikupita dakika, ikaingia sauti ya baba mkubwa, kuku wa Dakawa wakiwika nyuma yake. "Hongera sana mjukuu wangu. Sasa hiyo PM ni ipi? Ni saa nane mchana, ni saa mbili usiku, au kuna kiongozi anakuja?"

Tukasubiri sote. Mpwa akaonekana anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Babu, njoo PM nikueleze vizuri."